Miti 200 tuliyopanda, 19 iliyobaki: miaka mitatu kwenye klabu ya kujitolea hapa Dodoma

Mkazi wa Nkuhungu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie.

Vijana kadhaa, hasa waliomaliza chuo wakabaki hapa mjini wakisubiri ajira, wamenifuata kwenye ujumbe binafsi wakiuliza hizi klabu za kujitolea zinafanya nini hasa, na kama inafaa mtu azipe Jumamosi yake. Nimeona nijibu hapa, wasome wote. Jina la klabu yetu silitaji kwa sababu sikuja kuandikisha watu. Ni klabu ya vijana inayolelewa na klabu ya watu wazima, tuko kati ya ishirini na thelathini kutegemea mwezi, tunakutana kila baada ya wiki mbili, na ada yetu hata kijana anayeuza vocha anaimudu.

Naanza na miti, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha.

Mwaka wangu wa kwanza tulipanda miti 200 kwenye shule moja ya msingi upande wa mashariki mwa mji. Ilikuwa mwishoni mwa Februari. Lilikuja lori la miche, tulikuwa na fulana mpya, bango, mgeni rasmi. Watoto waliimba. Kila mmoja wetu alipigwa picha akiwa amechuchumaa na mche mkononi. Saa sita mchana tukawa tumemaliza, tukala pilau, tukaondoka. Usiku ule nililala na furaha ya mtu aliyeufanyia mji wake jambo.

Oktoba nikapita pale kwa shughuli nyingine, nikaomba kuingia. Nilihesabu mara mbili, nikizunguka uzio wote. Ilikuwa imebaki 19. Kwenye baadhi ya mashimo nilikuta viriba vya plastiki bado vimefunga mizizi, maana kuna wenzetu walipanda bila kuchana kiriba. Mche ulikufa ukiwa ndani ya mfuko wake.

Mlinzi wa shule, mzee wa Kigogo, alinisindikiza nikihesabu. Nilikuwa nimemwamkia kwa "mbukwenyi" akafurahi, akaniita mjukuu. Hakunilaumu hata kidogo. Alisema tu: "Mjukuu wangu, ninyi mlikuja siku za mvua. Mti unamtaka mtu wa siku za jua."

Sijamsahau yule mzee. Yote niliyofanya kwenye klabu baada ya siku ile yanatokana na maneno yake.

Anayeijua Dodoma anajua mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na mwaka mzima zinazunguka milimita 500 hadi 600. Mei mpaka Novemba ni jua na upepo. Mche uliopandwa mwisho wa Februari unapata wiki saba au nane za kushika ardhi, kisha unakutana na miezi saba ya ukame. Halafu inakuja likizo ya Juni. Wanafunzi tuliowakabidhi miti wanaondoka, walimu wanaondoka, na sisi wa klabu, ambao wengi ni wa vyuo, tunaondoka pia. Wanabaki mlinzi na mbuzi wa jirani.

Mwaka uliofuata nilisimama kwenye kikao nikaomba tupande miti 60 tu. Ubishi ulikuwa mkali. Wapo walioona ni aibu kumwalika mgeni rasmi kwa miti 60. Tukakubaliana asialikwe.

Mashimo tulichimba Oktoba, kabla ya mvua. Udongo wa Dodoma mwezi ule ni kama sakafu ya saruji, sururu inadunda. Tulienda futi mbili chini, tukachanganya samadi ya ng'ombe, tukaacha mashimo wazi. Mvua ya Desemba iliponyesha mara ya pili na ardhi kulowa vizuri, ndipo tukapanda, mwarobaini mingi na migunga kiasi. Kila mti tuliuzungushia miiba. Kando ya shina tulifukia chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyotobolewa kitundu kwa sindano, mdomo ukiwa juu, ili maji yaingie taratibu kwenye mizizi badala ya kukauka juu ya udongo. Tena hatukuigawa kwa wanafunzi. Tuliigawa kwa kaya zilizopakana na uzio wa shule, kwa sababu kaya haifungi likizo.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba tulirudi kuhesabu. Tulikuta miti 47 hai. Kuna dada wa klabu alilia pale, na mimi nilitazama pembeni.

Tangu hapo taarifa yetu ya mwaka haiandiki miti iliyopandwa. Inaandika iliyo hai Oktoba. Nitaendelea na mambo ya damu na ya kutembelea watoto, lakini kwanza karibuni mchangie.

Kijana wa Irangi

Mkuu, umenigusa. Mimi ni mzaliwa wa Kondoa, na ningependa vijana wa klabu zote wajue historia ya kwetu kabla hawajabeba miche.

Mwaka 1973 ulianza mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma. Ardhi ya Kondoa ilikuwa imeliwa na makorongo, mvua ikinyesha udongo wote unashuka mtoni. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililomomonyoka. Wazee wetu waliumia, kwa sababu ng'ombe ndiye benki na ndiye mahari, na amri ilikuja kutoka juu. Sisemi lilikuwa jambo jepesi. Lakini waliokaa wakaona kitu: ardhi ilipopumzika, nyasi na miti vikarudi, sehemu kubwa bila mtu kushika mche.

Kwa hiyo swali langu kwa klabu ni hili: lazima tupande? Siku hizi kuna Kisiki Hai, wengi mtakuwa mmesikia. Mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit la Uholanzi yameieneza sana mkoani kwetu. Shambani kuna visiki vya miti iliyokatwa zamani, mizizi yake bado iko hai chini. Kila mwaka vinachipua, na kila mwaka mkulima anavifyeka akidhani ni vichaka. Unachofanya ni kuchagua machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, unapogoa mengine, unafunga kitambaa ili kila mpita njia ajue mti huu unatunzwa, kisha unaulinda. Basi. Mti ule una mizizi ya miaka mingi, hauhitaji dumu lako la maji mwezi wa nane.

Shule za mjini pengine hazina visiki, naelewa. Lakini mkitoka kwenda Chamwino au Bahi, msibebe miche kabla hamjatembea shambani mkiwa mnatazama chini.

Mkazi wa Nkuhungu

Kijana wa Irangi, hili la kutazama chini nalichukua kama lilivyo. Mwaka jana tulipita kijiji kimoja tukiwa na miche ya bure, na mkulima alituambia "hapa pana miti tayari, ila hamuioni." Nilidhani anakataa msaada. Kumbe alikuwa akinifundisha.

Mtaani Kwetu

Mimi nitasema wanachosema watu mtaani. Hizi klabu ni za wenye pesa. Wanakula hotelini, wanapiga picha na hundi kubwa ya karatasi, na wengi wanaamini ni Freemason. Mama yangu alinikataza kabisa kujiunga nikiwa chuo. Naomba jibu la kweli kwa sababu nataka mdogo wangu ajiunge na nyumbani kuna hofu.

Mkazi wa Nkuhungu

Nashukuru umeuliza wazi, na mama yako namheshimu, anamlinda mwanawe. Nijibu ninayoyajua.

Klabu za namna hii zina historia iliyoandikwa. Rotary ilianza Chicago tarehe 23 Februari 1905, na aliyeianzisha ni mwanasheria Paul Harris akiwa na wenzake watatu. Walikuwa wakikutana ofisini kwa huyu leo na kwa yule wiki ijayo, kwa zamu, na kutokana na kuzunguka huko ndipo likaja jina. Lions nayo ilianza mjini humo humo mwaka 1917 kupitia Melvin Jones, mfanyabiashara wa bima. Mwaka 1925 Helen Keller, mwanamke asiyeona wala kusikia, aliwahutubia Lions akiwaomba wawe watetezi wa wasioona, na tangu hapo kazi ya macho imekuwa yao. Matawi ya vijana yalikuja baadaye: kwa Lions ni klabu ziitwazo "Leo", mwaka 1957, na kwa Rotary ni Interact kwa wanafunzi wa sekondari mwaka 1962, kisha Rotaract kwa wenye miaka 18 na kuendelea mwaka 1968. Ndani wamo Waislamu na Wakristo, na katika miaka mitatu sijaona kiapo cha siri wala kitu cha kumficha mama yangu. Mama yangu amekuja kwenye vikao vyetu viwili.

Kasoro zipo na sitazifunika. Rotary yenyewe haikuwapokea wanawake rasmi mpaka mwaka 1989. Hiyo ni miaka 84. Na ulichosema kuhusu hoteli na hundi ya karatasi nimekiona kwa macho, kinaniuma. Lakini nikiwa natafuta sababu ya kubaki, naangalia polio. Rotary ilianza kampeni yake ya PolioPlus mwaka 1985, na mwaka 1988 mashirika ya dunia yakaungana kwenye kazi hiyo. Kipindi hicho polio ilikuwa ikipooza watoto wapatao 350,000 kila mwaka duniani. Tarehe 25 Agosti 2020 bara letu likatangazwa halina tena kirusi cha polio ya asili. Februari 2022 kisa kikathibitishwa Malawi, jirani zetu, na mwaka huo huo Tanzania ikapita nyumba kwa nyumba kutoa matone kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hii ni kazi ya watu waliorudi tena na tena kwa miaka 35, hata pale walipodhani wamemaliza.

Mwambie mama aje kikaoni na mdogo wako. Hakuna anayezuiwa mlangoni.

Mtaani Kwetu

Nimemsomea mama. Amesema atafikiria. Kwa mama yangu hiyo ni hatua kubwa.

Nesi Mstaafu

Wanangu, hamjambo. Nimefanya kazi Kongwa miaka mingi, sasa nimepumzika, mjukuu ndiye ananisaidia kuandika.

Huyu kijana ametaja macho, na mimi nataka kusema juu ya macho. Trakoma, wengi kwetu wanaita vikope, ni ugonjwa wa kuambukiza unaopita kwa mikono, kwa kitenge kimoja kinachofuta nyuso za watoto watano, na kwa nzi wanaofuata tongotongo. Mtoto akiambukizwa mara moja anapona. Akiambukizwa mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka, ndani ya kope panapata makovu, kope inajikunja kuelekea ndani, na nywele zake zinakwangua jicho kila anapopepesa. Upofu unakuja ukubwani. Nimewaona akina mama wakitembea na kibanio, wanang'oa kope zao wenyewe kwa maumivu, na ni hao hao waliolea watoto wengi, kwa sababu mlezi ndiye anayeambukizwa na kila mtoto.

Kongwa ni wilaya iliyosomwa sana juu ya ugonjwa huu. Ulifanyika utafiti wa kunawa uso, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1995, na yalionyesha kwamba watoto ambao nyuso zao ziliendelea kuwa safi walipungukiwa na trakoma kali. Dawa ipo, azithromycin inagawiwa, upasuaji wa kope upo. Lakini uso unanawishwa nyumbani.

Sasa nisikilizeni ninyi wa klabu. Nilipokuwa nikienda vijijini, akina mama waliniambia, "Sista, maji tunayafuata mbali, tutapata wapi ya kunawisha watoto sita?" Walikuwa na haki. Mimi sikuwahubiria. Nilichukua kopo moja la maji, nikaomba watoto wa pale wapange mstari, nikawanawisha mmoja mmoja kwa kumimina kidogo kiganjani. Watoto wakaisha, kopo likabaki na maji. Mama mmoja akasema, "Kumbe ni kidogo hivyo." Neno lile lilifanya kazi kuliko mabango yote niliyowahi kubandika. Lakini nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata, na mwezi uliofuata. Mara ya kwanza wananawa kwa sababu umekuja mgeni.

Na kwa kuwa mnazungumza habari ya kurudi, pale Kongwa pana somo jingine. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga, mradi mkubwa sana, wakafyeka pori, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Mvua ya Kongwa na udongo wake Wagogo walivijua kwa karne nyingi.

Mkazi wa Nkuhungu

Shikamoo mama. Nimesoma mara tatu. Hili la kopo tutalifanya hivyo hivyo ulivyoeleza, na nitaomba nikufuate ujumbe binafsi kupitia kwa mjukuu.

Wa Maabara

Niongezee kwenye damu, mwanzisha uzi ameahidi ila naona bado hajaifikia.

Mimi natumika kwenye uchangiaji damu kanda hii ya kati. Mwenye miaka 18 hadi 65, kilo 50 au zaidi, afya njema na wingi wa damu unaotosha, anaweza kuchangia. Tunachukua mililita 450 hivi. Mwanaume anarudi baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Damu inapimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende kabla ya kumfikia mgonjwa. Hakuna anayeuziwa wala anayelipwa.

Klabu nyingi zinatupigia simu kuelekea tarehe 14 Juni, siku ya wachangia damu duniani. Tunashukuru, kweli tunashukuru. Lakini chembe nyekundu zinakaa kwenye jokofu siku 35 tu. Damu iliyojaa Juni, mwishoni mwa Julai haipo. Na wachangiaji wetu wakubwa ni wanafunzi, wa sekondari na wa vyuo. Shule zikifunga, chuo kikifunga, mji huu unapungukiwa watu wa kuchangia huku akina mama wanaendelea kujifungua na bodaboda zinaendelea kuanguka. Mzee wenu wa miti aliyetaka mtu wa siku za jua, hata sisi wa damu tunamtafuta huyo huyo.

Klabu ikinipa watu wanane, wanane tu, ambao hawaondoki mjini Agosti na Septemba, nitaifurahia kuliko ile itakayoniletea mia moja siku ya sherehe.

Mkazi wa Nkuhungu

Ndugu wa Maabara, kwetu tulifikia hapo kwa uchungu. Mwenzetu mmoja shemeji yake alihitaji damu Septemba, tukaanza kupigiana simu, na kati yetu sote waliokuwa mjini walikuwa wanne. Wawili walikuwa wamechangia muda si mrefu. Alipata damu kwa ndugu zake waliotoka Mpwapwa usiku kwa usiku.

Sasa tuna daftari. Kila mmoja ameandikwa kundi lake la damu, tarehe ya mwisho aliyochangia, na miezi ambayo yuko Dodoma. Tumejigawa makusudi ili wasichangie wote Juni. Wanachama ambao si wanafunzi, yaani mafundi, wauza duka, dereva wa bajaji mmoja, ndio tunaowawekea Agosti hadi Oktoba. Hao zamani tulikuwa hatuwatafuti kabisa, tulidhani klabu ni ya wasomi. Lilikuwa kosa letu kubwa.

Mama wa Wawili

Mimi sitaki kuharibu mazungumzo mazuri ila lazima niseme. Watoto wangu walikaa kituo cha kulelea watoto kwa kipindi nilipokuwa mgonjwa. Siku moja vijana walikuja na sabuni, mchele na madaftari. Baada ya miezi nilipopona, nikaona picha ya mwanangu mtandaoni, amevaa nguo iliyochanika, ameshika kipande cha sabuni, chini imeandikwa "yatima". Mwanangu si yatima. Mimi mama yake niko hai. Shuleni walimwita jina hilo mpaka tukamhamisha.

Naomba mnisaidie kufikiri. Sabuni ile tuliihitaji. Lakini hakuna aliyeniuliza.

Mkazi wa Nkuhungu

Mama, pole sana. Haikuwa klabu yetu, lakini ingeweza kuwa sisi, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza tulipiga picha za namna hiyo hiyo. Nimekaa na ujumbe wako tangu mchana kabla ya kujibu.

Kuna maswali manne ambayo watu wa Rotary wanayatumia. Aliyatunga Herbert Taylor mwaka 1932 huko Chicago, alipokuwa akiinusuru kampuni ya masufuria iliyokuwa karibu kufilisika. Je, ni kweli? Je, ni haki kwa wote wanaohusika? Je, litajenga nia njema na urafiki bora? Je, litawanufaisha wote wanaohusika? Kwenye klabu yetu tunayasoma kila kikao, na kwa muda mrefu niliyasoma kama wimbo. Picha ya mwanao inaanguka kwenye swali la kwanza tu. Si kweli.

Kwetu sasa sura ya mtoto haipigwi picha, hata mlezi akiruhusu. Tunapiga magunia, tunapiga mikono yetu ikifanya kazi, tunapiga paa tulilokarabati. Tunapoenda kituoni tunaanza kwa afisa ustawi wa jamii, si kwa simu ya mkuu wa kituo, na tunauliza kinachohitajika badala ya kupeleka tulichonunua. Mara ya mwisho tuliambiwa mchele umejaa, wanachokosa ni mtu wa kufundisha hisabati kidato cha pili. Wawili wetu wanaenda kila Jumatano tangu Machi. Hawajawahi kupigwa picha.

Kama picha ya mwanao bado iko mtandaoni, nieleze kwa ujumbe binafsi ilipo, nitaandika barua kwa walioiweka mimi mwenyewe.

Mama wa Wawili

Waliiondoa nilipolalamika. Asante kwa kutonijibu haraka haraka.

Mhitimu 2

Kaka, mimi nimemaliza chuo mwaka jana, niko Makole kwa shangazi. Nataka kuja ila nauli yenyewe ni mtihani. Na nimeshajitolea ofisi moja miezi minane bila hata nauli, wakaniacha. Neno kujitolea limenichosha.

Mkazi wa Nkuhungu

Mdogo wangu, ulichofanyiwa ofisini kilikuwa kazi bila mshahara, na una haki ya kuchoka. Klabuni hakuna anayekupangia saa za kuingia na kutoka. Nauli: tuna mfuko mdogo, mhazini anaugawa kwa utulivu kabla ya shughuli na hakuna orodha inayosomwa mbele za watu. Nami niliuchukua mwaka mzima wa kwanza.

Sikuahidi ajira. Nilichopata mimi ni kujifunza kuandika bajeti, kuomba kibali kwa mtendaji wa kata bila kutetemeka, na kusimama mbele ya wazee. Ukija, usije kwa kuwa umekosa pa kwenda. Njoo uangalie mara mbili, ukiona hapakufai, ondoka na tutabaki ndugu.

Mwalimu wa Bahi

Nimefurahia uzi ila nina jambo ninalotaka mlitazame. Mnasema kaya zinamwagilia, au wanafunzi wanamwagilia. Nani hasa anabeba maji? Shuleni kwangu ulikuja mradi wa miti, ikaamuliwa kila mwanafunzi alete maji. Baada ya mwezi mmoja waliokuwa wakileta ni wasichana, kwa sababu ndio wanaotumwa kisimani asubuhi hata bila mradi wenu. Walikuwa wanafika kipindi cha kwanza kikiwa kimekwisha. Nikasimamisha. Miti ikafa, na sikujuta, ingawa niliumia.

Mkazi wa Nkuhungu

Mwalimu, nimepiga simu leo kwa kaya tatu kati ya zile za kwetu kabla ya kukujibu. Zote tatu, wanaomwagilia ni mama na mabinti. Miti 47 ile ninayojivunia ina mabega ya watu ambao hatukuwahi kuwauliza wala kuwataja kwenye taarifa. Sina jibu. Naomba mwenye jibu.

Nesi Mstaafu

Mjukuu amenisomea. Wanangu, jibu mmelishika mikono miwili hamjaliunganisha. Tengenezeni kibuyu chirizi. Dumu dogo limening'inizwa kwa kamba, unakanyaga kijiti, maji yanachirizika kidogo kidogo. Mtoto ananawa uso na mikono akitoka chooni na kabla ya uji. Maji yale huwa yanamwagika chini bure, panakuwa tope. Chimbeni shimo la mti pale pale chini yake. Maji ya kunawa lazima yabebwe hata hivyo, basi yafanye kazi mbili. Nilifanya hivyo zahanati kwa mwarobaini miwili, na sabuni ile kidogo haikuiua. Mmoja una kivuli sasa, wajawazito wanakaa chini yake wakisubiri kliniki.

Hamtapata miti 60 hivyo. Mtapata minne, mitano kwa shule.

Mwalimu wa Bahi

Mitano naipokea. Na zamu ya kujaza dumu naipanga mimi, wavulana watakuwemo.

Kijana wa Irangi

Na likizo?

Mwalimu wa Bahi

Likizo mlinzi anaishi pale na familia yake. Watanawa wao.

Mkazi wa Nkuhungu

Basi nimeongea na wenzangu kwenye kundi letu la WhatsApp jioni hii. Mwaka huu mashimo ya Oktoba yatakuwa kumi tu, kwenye shule mbili, moja hapa mjini na moja kwa Mwalimu akitupokea. Kila shimo chini ya kibuyu chirizi. Zile kaya za mwanzo tutazitembelea wiki ijayo na dumu na kamba, tuone kama pale uani wanapooshea vyombo maji yanaweza kuelekezwa kwenye mti. Wa Maabara, wanane wako nimeshapata sita.

Tunaanza kuchimba Jumamosi hii saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijakaza. Tunahitaji sururu. Majembe tunayo.

Mhitimu 2

Shangazi ana sururu mbili za marehemu mjomba. Ameniruhusu. Ila ni nzito, niko Makole karibu na reli, nani anapita?

Fundi wa Chang'ombe

Mimi napita na toroli saa kumi na mbili kasoro. Nisubiri barabarani, mdogo wangu, na uje na kamba.